Fanani, Hadhira na Mashine: Usimulizi katika Michezo ya Uhusika ya Kompyuta katika Nchi za Magharibi, 1974–1988

UTANGULIZI

Wachunguzi wa fasihi wamezoea kuzigawa hadithi katika mafungu mawili makubwa, yaani zile zisimuliwazo kwa mdomo na zile zisomwazo kitabuni. Katika fungu la kwanza fanani yumo mbele ya hadhira yake. Anaiona, anaisikia, na akitambua kwamba imechoka aweza kuufupisha mkasa au kuongeza wimbo. Katika fungu la pili mtunzi hayupo. Msomaji hukabidhiwa maneno yaliyokwisha kupangwa, na hata akilia au akicheka hakuna neno litakalobadilika. Katika miaka ya 1970 ilizuka Marekani namna ya hadithi ambayo haikuingia sawasawa katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Hadithi hiyo ilikaa ndani ya kompyuta, haikuwa na fanani wa kuonekana, na haikuweza kwenda mbele hata hatua moja mpaka yule aliyepaswa kuwa msikilizaji atende jambo.

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya usimulizi katika michezo hiyo, ambayo hapa itaitwa michezo ya uhusika kwa kuwa mchezaji hujivika nafsi ya mhusika na kutenda kwa jina lake. Kipindi kinachoshughulikiwa ni tangu mwaka 1974 hadi mwaka 1988. Swali la msingi ni hili: fanani alipoondolewa na mahali pake pakawekwa mashine, ni nini kilichopotea katika hadithi, na watungaji walijaribu kukifidia kwa njia gani? Swali hili si la mafundi wa kompyuta peke yao. Linagusa kiini cha usimulizi wenyewe, kwani linauliza kama hadithi yaweza kusimama pasipo mtu wa kuijibu hadhira, na tena ni nani abebaye lawama ya tendo ovu litendwalo hadithini ikiwa mtendaji ni msikilizaji mwenyewe.

CHIMBUKO LA MICHEZO HIYO

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Mchapishaji alikuwa TSR, kampuni ndogo iliyokuwa katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mzazi wa mchezo huo ni michezo ya vita, ile ya kusogeza vinyago vya askari mezani na kuamua ushindi kwa dadu. Mambo mapya waliyoyaleta watungaji hawa yalikuwa mawili. Kwanza, mchezaji hakutawala tena jeshi zima bali mtu mmoja, mwenye jina, nguvu na udhaifu wake. Pili, mmoja wa waliokaa mezani hakushindana na wenzake. Kazi yake ilikuwa kuubuni ulimwengu, kuwaeleza wenzake wanachokiona, kuwasemea wahusika wengine wote, na kuamua matokeo ya kila tendo.

Mwongozaji huyo alikuwa fanani kwa maana kamili ya neno. Mchezaji akisema kwamba hataki kupigana na zimwi bali ataka kulihonga, mwongozaji hakumjibu kwamba jambo hilo halimo katika hadithi. Ilimpasa afikiri, atupe dadu, kisha atoe jibu. Hadithi ilizaliwa katika kupokezana huko, na usiku mmoja haukufanana na mwingine. Ndiyo kusema kwamba, katika nchi ambamo kitabu kilichopigwa chapa kilikuwa kimetawala kwa muda mrefu, vijana walijikuta wakirudi kwenye utambaji wa ana kwa ana, ambao bila kiitikio cha wasikilizaji hauendelei, kama vile ngano isivyoanza mpaka aliyesema “paukwa” aitikiwe “pakawa”.

Hata hivyo mchezo huo ulikuwa na sharti gumu: ulihitaji watu. Watu kadhaa walipaswa kukutana mahali pamoja kwa saa nyingi, na mmoja wao awe tayari kuandaa ulimwengu mzima kabla ya wenzake kuwasili. Aliyekuwa peke yake hakuwa na mchezo. Hapo ndipo kompyuta ilipoingia.

MASHINE YASHIKA NAFASI YA MWONGOZAJI

Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO, ulioanzishwa mwaka 1960, ambao kufikia miaka ya 1970 uliunganisha vituo vingi vya wanafunzi na kompyuta moja kubwa. Mwaka 1975 Rusty Rutherford aliandika humo mchezo ulioitwa pedit5. Jina hilo halikuwa na maana yoyote ya kihadithi. Lilikuwa jina la nafasi iliyotengwa kwa kuhifadhia masomo, na mchezo ulijibanza humo kama mpangaji asiye na hati. Wasimamizi wa mtambo walipougundua waliufuta. Mwaka huo huo Gary Whisenhunt na Ray Wood walianza mchezo wa dnd, ambamo mchezaji alilitafuta tufe la thamani lililolindwa na joka. Mwaka 1977 ukafuata Oubliette, uliowawezesha watu waliokaa kwenye vituo mbalimbali kuingia shimoni wakiwa kundi moja.

Michezo hii ya mwanzo ikichunguzwa kwa jicho la fasihi, yaonekana kwamba watungaji walichukua kutoka Dungeons & Dragons kile tu kilichohesabika. Nguvu za mhusika, uzito wa pigo, idadi ya sarafu, vyumba vya ramani: haya yote ni tarakimu, na kazi ya kompyuta ni tarakimu. Lakini hongo, mzaha, huruma ya ghafla na hila isiyotarajiwa havina tarakimu, na kwa hiyo viliachwa nje. Mwongozaji wa mezani alikuwa na kazi mbili, uamuzi na utambaji. Mashine ilirithi uamuzi. Utambaji ukabaki bila mrithi.

Yafaa kutaja pia mchezo mwingine wa wakati huo. Mnamo mwaka 1976 Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kuchunguza mapango, alitunga Adventure kwa kufuata sehemu ya mapango ya Mammoth Cave, huko Kentucky. Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliuendeleza mwaka 1977. Mchezo huo hauhesabiwi miongoni mwa michezo ya uhusika hasa, maana mhusika wake hana uwezo unaokua kwa tarakimu, lakini uliimarisha desturi moja ya lugha. Masimulizi yake yalikuwa katika nafsi ya pili na wakati uliopo: mchezaji aliambiwa yuko wapi na anaona nini. Riwaya kwa kawaida husema “yeye” au “mimi”; mchezo husema “wewe”. Badiliko hilo la nafsi si la kisarufi tu. Msomaji wa riwaya aweza kumhukumu muuaji akiwa kando. Aambiwaye “wewe” hana pa kusimama isipokuwa ndani ya tendo.

UFINYU WA MASHINE NA NJIA TATU ZA KUUKABILI

Tangu mwaka 1977 kompyuta ndogo za nyumbani zilianza kuuzwa tayari kwa matumizi, zikiwamo Apple II, TRS-80 na Commodore PET. Watungaji walipata wanunuzi, lakini walipata pia dhiki mpya. Apple II ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kawaida ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48, na upande mmoja wa diski yake ulibeba kilobaiti 140. Kwa kuwa herufi moja huchukua baiti moja, upande huo, hata kama usingekuwa na kitu kingine, ungejazwa na maandishi ya kitabu kidogo tu. Na vitu vingine vilikuwamo: programu yenyewe, ramani, michoro, orodha za silaha na za mazimwi. Maneno yaliachiwa makombo. Katika hali hiyo zilitokea njia tatu za kuihifadhi hadithi.

Njia ya kwanza ilikuwa kuihamishia hadithi kitabuni. Mwaka 1979 kampuni ya Automated Simulations ilitoa Temple of Apshai, mchezo wenye vyumba zaidi ya 200. Mchoro wa skrini ulikuwa mistari mitupu. Mchezaji alipoingia chumbani alipewa namba, kisha akafungua kitabu kilichouzwa pamoja na mchezo na kusoma maelezo ya chumba chenye namba hiyo: harufu yake, kuta zake, mifupa iliyotapakaa sakafuni. Usimulizi uligawanyika baina ya vyombo viwili, kimoja kikitoa namba na kingine kikitoa maneno, na aliyeviunganisha ni mchezaji. Zaidi ya hayo, waliotumia kanda badala ya diski hawakuweza kumhifadhi mhusika wao ndani ya mashine. Waliandika tarakimu zake karatasini na kuzichapa upya siku ya pili. Aliyetaka kujiongezea nguvu hakuzuiwa na chochote. Mchezo ulimwamini.

Njia hiyo haikufa upesi. Miaka tisa baadaye, mwaka 1988, kampuni ya Interplay ilitunga Wasteland, hadithi ya askari wa doria katika jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani baada ya vita vya nyuklia, na kampuni ya SSI ikatoa Pool of Radiance. Michezo yote miwili ilikuwa na vijitabu vya aya ambazo mchezaji aliagizwa kuzisoma pale tu mashine ilipomwambia. Lakini uhusiano wa fanani na hadhira ulikuwa umebadilika. Baadhi ya aya za vijitabu hivyo zilikuwa za uongo, zimewekwa kwa makusudi ili anayesoma mbele bila ruhusa apotoshwe. Msimulizi wa mwaka 1979 aliiamini hadhira. Yule wa mwaka 1988 aliitegea mtego. Sababu si ngumu kuiona. Michezo ilikuwa imekwisha kuwa bidhaa ya biashara, ilinakiliwa kwa wizi, na mchezaji alikuwa amekuwa mtu wa kushukiwa.

Njia ya pili ilikuwa kunyamaza. Mwaka 1981 Andrew Greenberg na Robert Woodhead, waliokutana katika Chuo Kikuu cha Cornell, walitoa Wizardry kwa kampuni ya Sir-Tech. Mkasa wake watosha sentensi moja: mchawi Werdna ameiba hirizi ya mfalme Trebor na kujificha chini ya ardhi. Hata majina hayo ni mzaha, kwani ni Andrew na Robert yakisomwa kinyume. Mchezaji aliongoza kundi la watu hadi 6 katika mashimo ya ngazi 10, kila ngazi ikiwa na miraba 20 kwa 20, naye alilazimika kuichora ramani kwa mkono wake.

Msomaji wa haraka atasema kwamba hapo hapana hadithi. Hukumu hiyo ina haraka. Wizardry ilikuwa na sheria kali ya kifo. Kundi likiangamia, maiti zilibaki shimoni mpaka mchezaji aunde kundi jingine la kwenda kuzichukua. Mhusika aliyekufa aliweza kupelekwa hekaluni afufuliwe kwa malipo, lakini ufufuo ulipokosea aligeuka majivu, na majivu nayo yakikosewa alipotea moja kwa moja. Watu hao sita hawakuwa na neno hata moja la kusema katika mchezo wote. Mchezaji ndiye aliyewapa majina, mara nyingine ya jamaa na rafiki zake, na safari ya kuzitafuta maiti zao ilikuwa na uchungu ambao hakuna aliyeuandika. Mtungaji aliweka sharti la hasara. Hadithi ikajitunga yenyewe katika moyo wa mchezaji.

Njia ya tatu ilikuwa kulifanya tendo lenyewe kuwa hadithi, na mfano wake mkuu ni kazi za Richard Garriott.

GARRIOTT NA SUALA LA TENDO

Garriott alikulia Texas, akiwa mwana wa mwanaanga Owen Garriott. Alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari alipotunga Akalabeth, ambao ulichapishwa na kampuni ya California Pacific mwaka 1980. Mwaka 1981 ukafuata Ultima, mwaka 1982 Ultima II, na mwaka 1983 Ultima III, uliotolewa na Origin Systems, kampuni aliyoianzisha pamoja na kaka yake Robert na wenzao.

Michezo mitatu ya kwanza ya Ultima inafuata muundo wa kale: kuna mwovu, naye hana budi kuangamizwa. Mondain anauawa katika ule wa kwanza, Minax katika wa pili, na Exodus katika wa tatu. Lakini njia ya kuufikia ushindi ilikuwa na doa. Katika Ultima ya mwaka 1981 mchezaji alimuua mcheshi wa mfalme ili aupate ufunguo wa chumba alimofungwa binti mfalme. Wizi wa madukani ulikuwa na faida kuliko biashara. Yule aliyeitwa shujaa katika maneno ya utangulizi aliishi, kwa matendo yake, kama jambazi. Katika riwaya mgongano wa namna hiyo ungeitwa kejeli. Hapa haukuwa kejeli, maana mtungaji hakuukusudia. Ulitokana na kwamba hadithi ilisema jambo moja na hesabu ya mashine ikatuza jambo jingine.

Garriott ameeleza katika mahojiano kwamba barua za wachezaji zilimfumbua macho. Aliona kwamba watu walishinda kwa kuwaibia na kuwaua watu wema wa mijini, na wala hawakuona ajabu. Jibu lake lilikuwa Ultima IV, uliotolewa mwaka 1985. Katika mchezo huo hakuna mwovu wa kuuawa mwishoni. Mchezaji anatakiwa awe kielelezo cha fadhila 8: uaminifu, huruma, ushujaa, haki, kujitoa mhanga, heshima, maisha ya kiroho na unyenyekevu. Zote zinatokana na nguzo 3, yaani ukweli, upendo na ujasiri.

Mwanzo wa mchezo ni wa kuzingatiwa. Michezo mingine ilianza kwa dadu au kwa kumwacha mchezaji achague awe askari au mchawi. Hapa mpiga ramli anamwuliza maswali, na kila swali linagonganisha fadhila mbili. Kutokana na majibu anapewa kazi yake: aliyetanguliza ushujaa anakuwa mpiganaji, na aliyetanguliza unyenyekevu anakuwa mchungaji, ambaye ndiye dhaifu kuliko wote vitani. Mtungaji alikuwa radhi kumfanya mnyenyekevu apate taabu zaidi ya wengine.

Baada ya hapo mashine inakaa kimya na kuhesabu. Muuza mitishamba ni kipofu, na mnunuzi ndiye anayezihesabu sarafu anazompa. Anayempunja hapati adhabu papo hapo, lakini tarakimu yake ya uaminifu inashuka pasipo yeye kuiona. Anayempa maskini sadaka anapanda katika huruma. Anayejisifu katika mazungumzo anashuka katika unyenyekevu. Ni mwaguzi mmoja tu, akaaye katika kasri la mfalme, awezaye kumdokezea mchezaji hali ya nafsi yake. Wizi alioufanya mchezaji saa ya kwanza, akiwa bado na mazoea ya michezo iliyotangulia, unamfuata mpaka aulipie kwa matendo mengine.

Hapa ndipo mashine ilipoanza kupata utambaji wa kwake. Haikuweza kuzungumza kama mwongozaji wa mezani, lakini iliweza kukumbuka kila tendo pasipo kuchoka, na kumbukumbu hiyo ikawa ndiyo hadithi. Mchezaji aliyefika mwisho hakuwa amesoma habari za mtu mwema. Alikuwa amelazimika, kwa saa nyingi, kujizuia asimpunje kipofu.

TATHMINI

Pingamizi moja hapana budi lijibiwe. Yaweza kusemwa kwamba wema wa Ultima IV ni hesabu tu. Mchezaji akishaugundua mfumo, hutoa sadaka ili tarakimu ipande, si kwa kumhurumia maskini. Pingamizi hili lina uzito. Mwongozaji wa kibinadamu angeutambua unafiki katika sauti ya mchezaji. Mashine haina sikio la sauti, yaona kitufe kilichobonyezwa basi. Wema ukishapimwa kwa namba, hugeuka kuwa sarafu nyingine.

Hata hivyo ni haki kukumbuka kwamba Garriott mwenyewe alirudi kuichunguza kazi yake. Katika Ultima V, wa mwaka 1988, mfalme aliyezihubiri fadhila amepotea, na Lord Blackthorn anayetawala badala yake amezigeuza kuwa amri za dola. Anayesema uongo hukatwa ulimi. Asiyetoa sadaka kwa kiwango kilichoamriwa hunyang'anywa mali. Fadhila zilezile ambazo mchezaji alizitafuta kwa hiari sasa zimekuwa chombo cha dhuluma. Vyovyote alivyokusudia mtungaji, mchezo huo waweza kusomwa kama jibu kwa ule uliotangulia: wema utokanao na hofu ya hesabu si wema.

Wasteland nao, katika mwaka huo huo, ulilikabili suala hilo kwa njia nyingine. Haukuwa na orodha ya fadhila. Mapema katika safari, askari wanakutana na mtoto ambaye mbwa wake amepotea. Mbwa anapatikana akiwa na kichaa, na wakimuua, mtoto anawageukia kwa hasira na kuwashambulia. Mchezo hautoi tarakimu ya kumlaumu wala ya kumsifu mtu. Badala yake matokeo huandikwa moja kwa moja katika diski, kiasi kwamba wachezaji walishauriwa kuzinakili diski zao kabla ya kuanza, kwa kuwa dunia ikishabadilika haikurudi tena ilivyokuwa. Lawama imeachwa mahali pake, kwa mtendaji.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba usimulizi wa michezo ya uhusika ulianza kwa mtu, ukahamia kwenye mashine, na katika kuhama ukapoteza uwezo wa kumjibu msikilizaji. Fidia zilikuwa tatu: kitabu kilichosema kwa niaba ya mashine, kimya kilichomwachia mchezaji ajitungie, na kumbukumbu ya matendo iliyomrudishia mchezaji sura yake. Hakuna hata moja iliyolirudisha jibu la fanani wa kweli. Lakini ile ya tatu ilizaa jambo ambalo riwaya haiwezi kulifanya, nalo ni kumfanya anayesikiliza hadithi awajibike kwa yaliyotokea ndani yake.

Jambo la mwisho linawahusu watafiti. Mara nyingi michezo hii huhifadhiwa kwa kuzinakili diski peke yake. Diski ya Temple of Apshai bila kitabu chake ni vyumba vitupu vyenye namba, na diski ya Wizardry bila zile ramani zilizochorwa kwa kalamu ya risasi haionyeshi kazi aliyoifanya mchezaji. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanalijua kosa la namna hiyo, maana ngano nyingi ziliandikwa vitabuni na viitikio vya wasikilizaji vikaachwa nje, kana kwamba havikuwa sehemu ya ngano. Vijitabu, ramani na barua za wachezaji vinapaswa kukusanywa pamoja na diski wakati waliovitumia wangali hai na waweza kuulizwa.